Kiboti cha karafuu maiti: kinakimbia chenyewe, ukikigusia sabuni kinagoma

Jumapili nilikaa na watoto wa dada yangu hapa Mikindani tukatengeneza kiboti kisicho na betri wala mota, kinaendeshwa na karafuu maiti tu, na mpaka leo wananiganda "mjomba, lini tena?", basi naandika ili na wewe ukafanye na wako.

Karafuu maiti utaipata kwenye maduka ya sanda na udi. Usichanganye na vile vidonge vyeupe vya kufukuzia nondo kabatini, hicho ni kitu kingine. Alafu karafuu maiti ni sumu ukiimeza na inashika moto haraka, kwahiyo mkubwa ndo aishike, watoto wakate maboti.

Boti lenyewe: chukua chupa tupu ya maji, kata kipande bapa cha sentimita 2 hivi, mbele chonga kama mtumbwi, nyuma katikati kata kipengo kidogo cha kubana punje ya karafuu maiti, ndogo kama nusu ya punje ya mchele. Punje lazima iguse maji.

Sasa chombo, apo ndo watu wanakwama. Mara ya kwanza nilitumia sahani iliyotoka kuliwa samaki wa nazi, imeoshwa kabisa na inang'aa, boti likakaa kimya kama limepigwa msumari, nikabadilisha punje mara tatu nikidhani nimeuziwa feki. Kumbe mafuta! Mwaka 1890 mwanafizikia Lord Rayleigh kule Uingereza alipima hiki kitu, akachukua beseni pana la sentimita 84 akakuta hata miligramu 1 ya mafuta ya zeituni haifiki, karafuu maiti inasimama, yaani utando wa nanomita 1.6 tu, wakati unywele mmoja una upana wa nanomita 80,000 hivi. Kwahiyo suuza beseni na maji ya moto mengi mpaka uhakikishe hakuna mafuta wala povu, weka maji mapya, na usichovye kidole hata mara moja, hasa kama umejipaka mafuta ya nazi.

Shusha boti taratibu. Linaondoka! Watu wanasema karafuu maiti inalisukuma ila ukweli linavutwa, mana ngozi ya juu ya maji imekaza pande zote, karafuu inaposambaa nyuma inailegeza, ya mbele inabaki na nguvu inalivuta. Na kwa vile karafuu maiti inapaa hewani kama harufu, ngozi inakaza tena, ndo mana linaendelea kwa muda mrefu, ukiweka sabuni badala yake linaruka mara moja tu basi.

Wakishashangaa, chovya ncha ya kijiti kwenye sabuni ya vyombo gusa maji pembeni. Boti linagoma hapo hapo, dogo wa mwisho alikaribia kulia. Hiyo ni ishara ya kemikali inayoamua kitu kitembee au kisimame, na mwaka 1994 mwanakemia Fraser Stoddart na wenzake walifanya jambo la namna hiyo ndani ya molekuli moja, walikuwa na pete imevaa kijiti chenye vituo viwili, wakitia asidi pete inahama kituo, wakiiua asidi inarudi. 2016 akapata Nobel ya kemia pamoja na Jean-Pierre Sauvage na Ben Feringa. Waambie watoto hilo, wanaelewa kabisa wakiwa wameshaona la kwao.

Ukitaka lizunguke badala ya kwenda moja kwa moja, kata kile kipengo pembeni kidogo. Likianza kuchoka angalia punje kwanza, kama imeisha weka nyingine, kama bado ipo mwaga maji yote uanze upya, kuna mtu kagusa.