Kupima mwanya wa ringi kabla ya kurudisha pistoni
Katika ovahoo ya injini, yaani kuifungua na kuitengeneza upya, mafundi wengi hutoa ringi mpya (pete za chuma zinazozunguka pistoni) kwenye boksi na kuzivika pistoni papo hapo; haraka hiyo huigharimu silinda.

Ingiza ringi ya juu peke yake ndani ya silinda ile ile itakamofanya kazi, kisha uisukume chini kwa kichwa cha pistoni iliyogeuzwa, ili ilale sawasawa bila kuinama upande. Pima mwanya kati ya ncha zake kwa fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia nafasi). Kitabu cha injini husika ndicho cha kufuatwa. Kikikosekana, kwa injini ya petroli isiyo na tabo (kifaa cha kusukuma hewa zaidi ndani ya injini), kadiria milimita 0.004 kwa kila milimita ya kipenyo, yaani takriban 0.34 kwa silinda ya milimita 86.

Mwanya ukiwa mdogo, ncha zitagusana injini ikipata moto na kukwangua silinda. Zipunguze kwa tupa laini, ukisukuma kutoka nje kwenda ndani, na upime tena kila baada ya mikwaruzo michache, kwa kuwa chuma kilichoondoka hakirudi. Mwanya ukizidi mno, basi ama ringi si saizi yake, ama silinda imelika na inahitaji kuchongwa.

Unapozivika, alama ya kila ringi itazame juu, na ncha za ringi hizo zisikae mstari mmoja.