Bolti Ikikukatikia Mkononi: Mambo ya Kuzingatia Kabla Hujaanza Kufungua Injini

Spana ikigoma, kisha ikalegea ghafla, furaha yake hudumu sekunde moja tu. Bolti inayofunguka kihalali hutoa mlio mkavu, tak, halafu huzunguka kwa ugumu wa sawasawa. Inayokatika hulegea kama mshumaa uliopata jua: laini, haina mlio, na ukivuta soketi unakuta kichwa kimebaki humo na shina limebaki ndani ya injini. Yangu ya kwanza ilikuwa ya kifuniko cha themostati, kile kifaa kinachodhibiti maji ya kupoza injini, bolti ya spana namba 10, Jumapili saa kumi jioni. Gari lilihitajika kazini kesho yake asubuhi. Nilikuwa na spana, soketi za bei ya kutupa, na haraka. Sikuwa na kingine.

Tangu hapo, kabla sijagusa bolti yoyote ya zamani najiuliza kwanza: hii ikikatika, nitafanya nini? Kama sina jibu, sianzi. Maandalizi yote yanayofuata ni njia ya kulipata jibu hilo mapema.

Anza kwa kuangalia bolti inaishi wapi. Bolti zinazooga oili, kama zile za ndani ya kifuniko cha valvu, hazishiki kutu kirahisi. Zikikatika, mara nyingi ni kwa sababu mtu alizikaza kupita kiasi. Zinazoleta msiba ni za makundi mawili. La kwanza ni zilizo jirani na maji: kifuniko cha themostati, pampu ya maji, viunganishi vya mipira ya rejeta. Gari lililotumia maji ya bomba miaka mingi badala ya kulanti (kimiminika cha kupozea injini), maji hupenya kando ya bolti, kutu ya chuma na ukoko mweupe wa aluminiamu hushikana mpaka vinakuwa kitu kimoja. La pili ni stadi (bolti zisizo na kichwa) na nati za manifoldi ya ekzosi, yaani mkusanyiko wa mabomba ya moshi pale injini, ambazo hupikwa na kupoa kila siku gari linapotembea. Anayekaa Tanga, Dar es Salaam au Mombasa aongeze kundi la tatu: chochote kilicho chini ya gari, maana upepo wa chumvi hauchagui.

Halafu angalia ukubwa. Kwenye magari ya Kijapani, bolti ya spana namba 10 huwa na shina la milimita 6, ya 12 shina la 8, ya 14 shina la 10. Ya Ulaya hutofautiana kidogo: shina la milimita 8 huja na kichwa cha 13. Ndogo ndiyo ya kuogopa. Bolti ya shina la milimita 6 kwa kawaida hukazwa kwa toki, yaani nguvu ya kuzungusha, ya kama nyutoni-mita 9 (9 Nm). Kwa spana yenye urefu wa sentimita 10 hiyo ni nguvu ya kilo 9 hivi, yaani kama kubeba kwa mkono mmoja mfuko wa sembe wa kilo 10 ambao haujajaa. Sasa chukua ule mtindo wetu wa kuvisha bomba kwenye spana ili kuongeza mkono. Bomba la nusu mita limekuzidishia nguvu mara tano na kiganja chako hakijahisi lolote. Bomba lina kazi yake kwenye nati za magurudumu. Kwenye bolti ya namba 10, liache nyumbani.

Siku ya kazi nayo ni sehemu ya vifaa. Chagua Ijumaa jioni ya kupaka mafuta ya kupenya kutu na Jumamosi asubuhi ya kufungua, wakati maduka ya vipuri, kama ya Gerezani jijini Dar es Salaam, yako wazi na mkereza vyuma yuko kazini. Ukianza Jumapili mchana, mambo yakiharibika kinachobaki ni hasira na drili. Mpigie pia mapema fundi wa kuchomelea unayemwamini, mwambie kuna uwezekano ukamhitaji. Hatacheka. Anajua.

Mafuta ya kupenya kutu hayafanyi kazi kwa dakika tano. Safisha kwanza kuzunguka kichwa kwa brashi ya waya, maana mafuta yanayokaa juu ya matope hayapenyi popote. Paka, gonga kichwa kwa nyundo ndogo mara kadhaa, si kwa kukiponda bali kwa kukitikisa, kisha paka tena baada ya saa chache, na tena kabla ya kulala. Kama huna ya dukani, mchanganyiko wa asetoni na mafuta ya giaboksi ya otomatiki, nusu kwa nusu, hufanya kazi vizuri. Tikisa kila unapotumia kwa sababu hujitenga. Ila asetoni hushika moto haraka sana na hula rangi ya bodi, kwa hiyo iweke mbali na kila kitu kinachowaka, na usiache ikadondokea bodi.

Soketi iwe ya pembe sita. Ya pembe kumi na mbili hushika kwenye ncha tu, na kichwa kilichokwisha kuliwa na kutu kitazungushwa mpaka kiwe duara, na hapo utakuwa na tatizo jipya kabla ya lile la kwanza kutokea. Isukume mpaka ikae sawasawa. Kama kuna tope ndani ya kichwa cha bolti, litoe kwa msumari. Soketi iliyokaa upande ndiyo mwanzo wa nusu ya misiba hii, na hilo nalisema nikijua makosa yangu.

Joto ni rafiki, lakini lijulikane tabia yake. Aluminiamu hutanuka karibu mara mbili ya chuma kwa joto lilelile. Basi kama bolti ya chuma imeshikwa kwenye hedi (kichwa cha injini) au kifuniko cha aluminiamu, pasha moto ile aluminiamu inayoizunguka, si bolti, ili tundu lipanuke na kuiachia. Tatizo ni kwamba aluminiamu huyeyuka kwenye nyuzijoto 660 hivi bila kuwa nyekundu kwanza. Haikuonyi. Mtungi mdogo wa gesi wenye kichwa cha kuchomea, ukisogezwa sogezwa bila kusimama sehemu moja, unatosha. Kabla ya kuwasha hakikisha hakuna petroli iliyomwagika, mipira na nyaya zimefunikwa au kusogezwa, na kizima moto au ndoo ya mchanga ipo mkono wa pili. Na hili lisirukwe: kama ulisafishia dawa ya kusafisha breki yenye klorini, usipashe moto sehemu hiyo. Mvuke wake ukiungua hutoa gesi ya fosijeni, ambayo huharibu mapafu. Osha kwa maji na sabuni, acha ikauke kabisa, au tumia aina isiyo na klorini tangu mwanzo.

Kuna ujanja wa mshumaa ambao niliudharau mpaka nilipouona. Bolti ikiwa ya moto kiasi, gusisha nta ya mshumaa pale inapoingilia. Nta huyeyuka na kufyonzwa kuzunguka meno, inaonekana kwa macho ikinyonywa ndani kama chai kwenye kipande cha mkate. Ipe dakika moja, kisha jaribu.

Kufungua kwenyewe kuna adabu yake. Kwanza kaza kidogo sana tu, ili kuvunja ule ukoko, halafu fungua. Ikisogea nyuzi 20 na kuanza kulia kama mlango wa zamani, simama. Irudishe ndani, ongeza mafuta, toa tena, hivyo hivyo mbele na nyuma. Bolti nyingi hazikatiki mwanzoni. Hukatika pale mwenye nayo anapoona imeanza kutoka na kuongeza kasi, unga wa kutu ukajikusanya kwenye meno na kuibana.

Sasa imekatika. Weka spana chini, nenda kanywe chai. Kazi ya nusu saa inayofuata ndiyo itakayoamua kama tundu litapona au hedi itaenda kwa mkereza.

Ukifungua kifuniko chenyewe, mara nyingi utakuta kipande cha shina kimechomoza juu ya uso wa hedi au bloku. Hiyo ni bahati, usiipoteze kwa kukisaga. Kibane kwa koleo ya kujifunga, kipe joto na mafuta, kizungushe mbele na nyuma. Kikishindikana, muite yule fundi. Atavalisha nati juu ya kipande, ataijaza kwa kuchomelea kupitia tundu la nati, na joto la kuchomelea lenyewe hufanya nusu ya kazi. Kabla hajawasha mashine, toa waya wa hasi wa betri, na kibano cha ardhi kiwekwe karibu na kazi, kwenye injini hiyohiyo, si kwenye bodi mbali huko, ili umeme usipitie kwenye beringi na vifaa vya elektroniki.

Kama imekatikia ndani, sawa na uso au chini yake, hapo ni drili. Kinachoamua ni katikati. Laini uso kwa tupa, weka alama kwa panchi katikati kabisa, iangalie kwa lenzi au kwa kuipiga picha ya simu na kuikuza, na kama imekosea isogeze kwa kuinamisha panchi. Kama kifuniko au manifoldi bado ipo na tundu lake linalingana, iweke mahali pake na utumie kijiti cha chuma chenye tundu kama mwongozo wa biti. Anza na biti ndogo, mpya, mwendo wa polepole, mafuta ya kukatia. Ukipata biti za kushoto, zile zinazokata drili ikizungushwa kinyume, zinunue kabla. Mara kadhaa biti ya kushoto hushika kipande na kukitoa chenyewe wakati unadhani bado unatoboa.

Zile skrubu za kutolea bolti zilizokatika, zenye umbo la koni, naziogopa. Zimetengenezwa kwa chuma kigumu sana na chenye kuvunjika kama kioo. Bolti iliyoshikwa kiasi cha kukatika yenyewe itaachiaje kwa kifaa chembamba kuliko shina lake? Ile Jumapili niliitumia. Ilivunjikia ndani, biti za kawaida hazikuweza hata kuichora, na kilichoweza kuwa elfu chache kwa fundi wa kuchomelea kikaja kuwa siku mbili kwa mkereza, kifuniko kipya, na teksi za kwenda na kurudi. Zitumie tu kwa bolti iliyokatika kwa kukazwa kupita kiasi, isiyo na kutu.

Njia ya mwisho ni kutoboa shina lote na kurudisha meno. Nunua tapu, kifaa cha kukatia meno ndani ya tundu, mapema kulingana na bolti zako: kwa shina la milimita 6 lenye hatua (umbali kati ya jino na jino) ya 1.0, biti ya 5.0; kwa 8 ya hatua 1.25, biti ya 6.8, kwa 10 ya hatua 1.25, ambayo ndiyo ya kawaida kwa Wajapani, biti ya 8.8. Meno ya zamani yakiwa yamekwisha liwa, weka koili ya meno, yaani springi ya waya inayoingizwa tunduni kuwa meno mapya. Ikiwekwa vizuri kwenye aluminiamu huwa imara kuliko meno yaliyokuwepo. Wengi huiona kama kiraka. Mimi siioni hivyo.

Wakati wa kufunga, bolti mpya ziwe za daraja lilelile lililochapwa kichwani. Ya manifoldi ya ekzosi ipake grisi ya shaba, lakini jua kwamba meno yaliyopakwa hukaza zaidi kwa toki ileile, basi punguza kidogo. Matundu yasiyotokea upande wa pili yapulize yakauke kabisa: oili au maji yaliyobaki chini husukumwa na bolti, hayana pa kwenda, na bloku inaweza kupasuka. Bolti za hedi ni habari nyingine. Nyingi hukazwa kwa toki ndogo kisha kwa kuzungushwa nyuzi kadhaa, zikivutika, na nyingine hazirudiwi. Angalia kitabu cha injini yako kabla ya kuzifungua.

Ukimaliza, jaza kulanti, toa hewa, acha injini iwake na kupata joto mpaka feni iwake mara mbili, ukimulika tochi kuzunguka kifuniko. Asubuhi yake, injini ikiwa baridi, pitisha kidole chini ya gasketi.