Nafasi ya ubingwa: mambo ya kupanga ukiwa bado mtarajali Mwanza

Utarajali, yaani mwaka wa mazoezi hospitalini kwa daktari aliyemaliza chuo, unapangiwa. Unajaza hospitali unazozitaka kwenye mfumo wa Wizara ya Afya, jina linatoka, unaripoti Bugando, Sekou Toure au kwingine. Ubingwa, yaani masomo ya kuwa daktari bingwa, haupangiwi: chuo unatafuta mwenyewe, mlipaji unatafuta mwenyewe, na wengi hukwama kwa mlipaji ilhali barua ya chuo wanayo mkononi.

Anza na fani. Mwaka wa utarajali unakupitisha magonjwa ya ndani, watoto, upasuaji, na uzazi na magonjwa ya wanawake. Usichague kwa kesi moja iliyokusisimua, pima kazi ya kila siku. Kanda ya Ziwa ina selimundu nyingi, kwa hiyo daktari wa watoto atampokea tena na tena mtoto yuleyule, amerudi usiku analia kwa maumivu na damu imeshuka. Utatafuta mshipa kwenye mkono uliokwisha kuchomwa sana, utafuatilia damu maabara, utamweleza mama upya kwa nini dawa zisikatizwe. Kama baada ya zamu ya namna hiyo bado una hamu ya kufungua kitabu, hiyo ni dalili ya kuaminika kuliko alama za mtihani. Zungumza pia na anayesoma MMed (shahada ya uzamili ya ubingwa) mwaka wa pili, maana bingwa amekwisha kusahau: zamu ngapi kwa wiki, usiku anasimamiwa na nani, upasuaji upi anaachiwa aufanye mwenyewe.

Kabla hujahama hospitali, hakikisha kila idara imesaini fomu zako. Kumsaka bingwa aliyehamia mkoa mwingine kwa ajili ya saini moja hula miezi. Kisha omba usajili kamili Baraza la Madaktari Tanganyika. Linganisha jina lako kwenye vyeti vyote kuanzia kidato cha nne, na herufi ikipishana, shughulikia kiapo mapema.

MMed nyingi ni miaka 3. Hapa Mwanza ipo CUHAS, chuo kikuu cha Kikatoliki cha sayansi za afya, kinachofundishia Bugando. Nje ya kanda kuna Muhimbili, Dar es Salaam, na KCMC, Moshi. Anayetaka upasuaji ana njia nyingine, COSECSA, chuo cha madaktari wa upasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini: unajifunza ukiwa kazini katika hospitali iliyoidhinishwa, miaka 2 ya MCS (hatua ya uanachama) kisha 3 ya FCS (hatua ya ubingwa). Njia hiyo inamfaa mwenye familia na mshahara, mradi hospitali yake iwe na msimamizi wa kweli.

Kama umeajiriwa serikalini, barua ya chuo peke yake haikuondoi kituoni. Uwe umethibitishwa kazini, na jina lako liwe kwenye mpango wa mafunzo wa mwajiri. Mpango huo huandaliwa kabla ya mwaka wa fedha unaoanza Julai, kwa hiyo mwone mganga mkuu wa wilaya mapema, usingoje chuo kijibu. Ukipata ufadhili, soma mkataba: unakudai urudi kutumikia wapi, na kwa muda gani?

Jambo la mwisho ni tasnifu, ambayo huwachelewesha wengi kuliko mitihani. Chagua ugonjwa unaojaza wodi. Kabla ya kuandika pendekezo, fungua rejista ya wodi na uhesabu wagonjwa wa miezi 6 iliyopita; wakiwa pungufu ya sampuli unayohitaji, badilisha mada siku hiyohiyo, kabla hujaomba kibali cha maadili.