Towncrier: kila badiliko na kifaili chake

Timu nzima ikiandika kwenye CHANGELOG.md moja (faili la orodha ya mabadiliko ya kila toleo), matawi ya Git mara nyingi hugongana palepale yanapounganishwa. Ukitumia Towncrier, zana inayokusanya orodha hiyo kutoka vifaili vidogo, kila badiliko linapata kifaili chake ndani ya folda ya newsfragments, mfano `123.bugfix.md`, 123 ikiwa namba ya tiketi na `bugfix` aina ya badiliko. Hakuna tiketi? Anza jina kwa `+`. Aina ya `misc` (mengineyo) huchapa namba tu, maandishi yake hayatoki, kwa hiyo usifiche humo jambo linalomhusu mtumiaji.

Kabla ya kutoa toleo, endesha `towncrier build --draft --version 1.4.0` usome rasimu kwanza. Bila `--draft`, vifaili hufutwa vikishaingizwa.

Kwenye CI (ukaguzi wa kiotomatiki wa msimbo) weka `towncrier check --compare-with origin/main`, ihakikishe tawi lina kifaili chake. Ikifeli kwa kukosa tawi hilo, mara nyingi ni kwamba historia ya Git haikupakuliwa yote: kwa GitHub Actions (CI ya GitHub), weka `fetch-depth: 0`.