Nishani za Uingereza: andika kazi ya mtu, usiandike vyeo vyake

Usitume wasifu. Mapendekezo mengi ya watu wetu wa Afrika Mashariki waishio Uingereza, wanaostahili MBE au BEM (nishani ambazo Mfalme huwapa waliotumikia jamii), hufia hapo. Mpendekezaji anaandika: mwenyekiti wa chama, mweka hazina wa kanisa, mlezi wa vijana, mjumbe wa kamati ya misiba. Nyumbani, orodha ya nishani za Siku ya Jamhuri inapotoka, tumezoea kuona cheo kikitangulia jina. Hapa kamati inauliza: maisha ya nani yamebadilika kwa sababu ya mtu huyu, na kwa kiasi gani?

Kwa hiyo "amewasaidia wahamiaji wengi" haina maana yoyote mbele yao. Andika, tuseme: kila Jumamosi tangu 2014 anafungua ukumbi kwa mikono yake, bila malipo, akina mama 40 wamejifunza kusoma barua za hospitali, 11 kati yao leo wameajiriwa. Tarehe, idadi, mahali, kisha ugumu aliouvuka. Ukishamaliza, futa kila cheo kisichofuatwa na kazi. Soma tena, ufute vingine.

Fomu iko kwenye tovuti ya serikali, gov.uk, na ni bure. Mtu hawezi kujipendekeza mwenyewe. Ambatanisha barua mbili za kuunga mkono, kutoka kwa watu wanaomfahamu binafsi. Hapa nako tunaanguka: mtu mmoja anaandika barua zote mbili, wengine wanatia sahihi tu. Maneno yakifanana, barua ya pili haiongezi kitu. Moja iandikwe na aliyesaidiwa. Nyingine itoke nje ya jamii yetu: mwalimu mkuu, daktari, diwani aliyeona kazi ile kwa macho yake.

Usimwambie anayependekezwa. Wengi hawapati, na kumpa mzee matumaini ya bure ni kumuumiza. Shangazi zetu wapendwa, najua mna furaha, lakini tafadhali msiweke habari hii kwenye grupu la WhatsApp la ukoo. Na atakayewaomba pesa "kuharakisha" ni tapeli. Kuuza nishani ni kosa la jinai hapa tangu sheria ya 1925.

Majibu huchukua angalau mwaka, mara nyingi zaidi. Orodha hutoka Mwaka Mpya na mwezi Juni, katika sherehe ya kuzaliwa kwa Mfalme. Muda huo una mtego wake: mtu lazima awe hai na bado anaifanya kazi hiyo. Ukiacha nishani za ushujaa, hakuna anayepewa baada ya kufa. Sisi sifa zote huziweka akiba hadi siku ya mazishi, na Uingereza haina fomu ya sifa za mazishi. Mpendekeze angali na nguvu, mwaka mzima au zaidi kabla hajastaafu.

Angalia pasipoti pia. Mwenye uraia wa Kenya, Tanzania au Uganda pekee hupewa nishani ya heshima, inayopitia wizara ya mambo ya nje, na jina lake halitoki kwenye orodha kuu. Herufi za MBE anaweza kuziandika baada ya jina. Kama ana uraia pacha wa Uingereza, litaje jambo hilo wazi kwenye fomu. Mamlaka ya kodi nayo huulizwa, kwa hiyo anayechelewesha hesabu za biashara yake anajiharibia mwenyewe.

Waingereza hawapendi mtu ajisifu, lakini mfumo wao wote unategemea mwingine amsifu. Jamii zinazolijua hilo hupendekeza watu wao kila mwaka. Sisi tunakaa tukisubiri serikali ituone yenyewe. Wapo wanaokwazwa na neno "Empire", yaani himaya ya kikoloni, lililomo katika MBE na OBE (ngazi iliyo juu ya MBE), na wana haki: mshairi Benjamin Zephaniah aliikataa OBE hadharani mwaka 2003. Uamuzi huo ni wa mhusika, usimfanyie wewe. Kabla ya kutangazwa ataandikiwa barua ya siri kuulizwa kama anakubali, kwa hiyo anwani yake kwenye fomu iwe ile anayoishi sasa.