Somo: Kioo cha tenki la samaki la plaiwudi, kuanzia kipimo hadi kukifikisha nyumbani

Wakuu, habari za jioni. Nachukulia boksi lako limekamilika: plaiwudi ya milimita 18, epoksi (rangi ngumu ya kuzuia maji) ndani imekauka, mbele umekata dirisha. Kama bado, usiende kununua kioo. Boksi la kuunda kwa mkono huwa halitoki sawasawa na mchoro, na kioo hakiongezwi.

Hatua ya 1. Amua kimo cha maji. Kinachosukuma kioo ni kimo, siyo wingi. Tenki la mita moja na la mita tatu, maji yakiwa sentimita 50, presha ya chini ni ileile. Urefu unafanya kioo kipinde zaidi, ila kimo ndicho bwana mkubwa. Kwa kioo cha kawaida kisichozidi sentimita 120 kwa urefu, mimi natumia hivi: maji sentimita 30, kioo milimita 6, sentimita 45, milimita 10, sentimita 60, milimita 12. Ukizidi hapo, piga hesabu upya.

Hatua ya 2. Pima. Kioo kinakaa ndani ya boksi, maji yenyewe yakikibana kwenye fremu. Kilalie mbao sentimita 5 kila upande, yaani dirisha la 110 kwa 40 linataka kioo cha 120 kwa 50. Pima nafasi ya ndani sehemu tatu, shika kipimo kidogo kuliko vyote, toa milimita 6. Hiyo nafasi ni ya silikoni.

Hatua ya 3. Aina ya kioo. Hapa ndipo nilipopigwa. Nilipata kioo cha meza kilichotumika, kinene, bei ya kutupa. Nikampelekea fundi akipunguze. Alipokikata tu, pwaa! Punje tupu sakafuni, kama chumvi ya mawe. Kilikuwa tempadi, kioo kilichopashwa moto na kupozwa ghafla kiwandani. Hicho hakikatwi tena. Angalia pembeni kama kina muhuri, na kisipokuwa nao muulize muuzaji kimetoka wapi. Kwa tenki chukua kioo cheupe cha kawaida. Hivi vya rangi ya bluu na kahawia vilivyojaa kwenye madirisha ya nyumba mpya za Dodoma, samaki wataonekana wagonjwa.

Mafundi wengi wa alminiamu huweka vya milimita 4 hadi 6, kwa hiyo ulizia cha 10 mapema.

Hatua ya 4. Kagua dukani. Kiinue dhidi ya jua, pitisha ukucha: mkwaruzo unaokwama ukucha, kikatae. Kingo zilizobanjuka pia, ufa huanzia hapo. Mwambie fundi azisage.

Hatua ya 5. Kusafirisha. Kioo hicho cha 120 kwa 50, milimita 10, kina kilo 15. Kisimamishe kwa ukingo kwenye kirikuu, kiegemee godoro, kifungwe. Ukikilaza, tuta la kwanza tu linakimaliza. Bodaboda hapana, hata kama ni Majengo hadi Chang'ombe.

MASWALI

Mkuu, nina vipande viwili vya milimita 5. Nikivibandika, si nimepata 10?
Hapana, kaka. Kila kimoja kinapinda kivyake. Pamoja vinabeba nusu ya mzigo wa kimoja cha 10, na vinapinda mara nne zaidi. Tengenezea tenki la maji ya sentimita 25.

Silikoni ipi? Dukani wamenipa ya bafuni.
Irudishe, dada, nyingi zina dawa ya kuzuia ukungu na inaua samaki. Chukua ya vioo isiyo na dawa, ile inayonuka siki. Futa kioo na epoksi kwa spiriti kwanza, kisha subiri siku 7 kabla ya kujaza maji.

Niko Nzuguni, natumia maji ya kisima. Kioo kimeota utando mweupe, ni kibovu?
Kizima kabisa, ni chumvi ya maji. Punguza maji kidogo, sugua kwa kitambaa chenye siki pale juu ya maji, futa kwa maji safi. Msasa usiguse. Na maji yanapopungua kwa jua la huku, ongezea ya mvua ukiwa nayo, maana yanayokauka yanaiacha chumvi yote humo humo.