Kinachofuata alama ya reli hakifiki kwenye seva

Kama kiungo chako chenye `#asidi` kinamwacha msomaji juu kabisa ya ukurasa, usihangaike na kumbukumbu za seva. Mimi nilikesha nikiipekua `#asidi` humo, kumbe haikuwahi kufika. Kivinjari huikata alama ya reli (`#`) na kila kinachoifuata kabla ya kutuma ombi, hukaa nacho chenyewe, kisha hukitumia kutafuta sehemu inayotajwa ukurasa ukishafunguka.

Orodha yangu ya istilahi nilikuwa nimeipa anwani ya kudumu, zile za aina ya PURL: faili likihama, anwani hubaki ileile na kumpeleka msomaji kwenye makao mapya. Ukitaka kuona kinachotokea katikati, tumia curl, programu ya kutuma maombi kwa seva kutoka kwenye terminali. Andika:

`curl -v https://example.org/istilahi#asidi`

(Weka anwani yako, bila shaka.) Mstari wa ombi utasema `GET /istilahi`, basi. Sasa shuka kwenye jibu, utafute mstari wa `Location`, ambamo seva hutaja anwani mpya. Mstari huo usipokuwa na alama ya reli, kivinjari kitaibandika `#asidi` yake kwenye anwani mpya. Ndivyo RFC 7231 (RFC ni hati za kanuni za intaneti) ya mwaka 2014 ilivyoagiza, na RFC 9110 ya 2022 ikarudia. Ukiwa nayo, ya seva ndiyo inayoshinda. Wangu ulisomeka hivi:

`Location: https://example.org/v2/istilahi.html#yaliyomo`

Hiyo `#yaliyomo` niliiweka kwa mkono wangu, nikidhani nawasaidia wasomaji. Niliifuta, viungo vyote vikapona. Na ukifuta, futa yote: alama ya reli ikibaki peke yake mwishoni, bila neno, bado inahesabika na itaifuta ya msomaji.

Anayeelekeza kwa JavaScript asitegemee kanuni hiyo. Abebe mzigo mwenyewe: `location.replace(mpya + location.hash)`.

Kazi ngumu huja ukiugawa ukurasa mmoja kuwa kurasa nyingi. Seva haiwezi kumpeleka wa `#asidi` huku na wa `#besi` kule, maana kwake wote wameomba kitu kimoja. Itabidi hati ndogo ya JavaScript ikae kwenye ukurasa wanakofikia, isome `location.hash` na kuwagawa. Ningeanza upya, ningeandika `/istilahi/asidi` tangu mwanzo.

Ukimaliza kurekebisha, jaribu kwenye dirisha la faragha. Elekezo la 301, yaani la kudumu, hukaa kwenye akiba ya kivinjari, nawe utaendelea kuona kosa ulilokwisha kuliondoa.